Mabwawa ya Al Ansab, Aprili

Saa kumi na moja alfajiri nawahesabu langoni:
watu saba, darubini sita,
na karatasi ya majina iliyolowa chai.
Nawaambia mapema wasije wakanilaumu:
haya ni maji machafu ya Maskati nzima,
yamechujwa, yamepozwa, yamelazwa chini ya milima,
na harufu mnayoisikia ndiyo kiingilio.
Ndege hawaulizi maji yametoka wapi.
Wamevuka mchanga usiku kucha,
na hapa pana unyevu.

Bwana Eberhard anamtafuta wa mia tatu na tisini na tisa.
Ananong'ona kama mtu anayenunua dhahabu ya magendo:
atakuja leo?
Nasema sijui.
Miaka kumi na miwili ya kazi hii
imenifunza kulitamka neno hilo bila kuona haya.

Kitwitwi wanakimbia ukingoni kama wenye madeni.
Yangeyange kasimama juu ya bomba,
mweupe kama kanzu iliyotoka kwa dobi,
hana habari na sisi.

Bi Ghuweida amekuja na kiti chake cha magurudumu.
Nyuma ya kiti, mikono kwenye vishikio,
yupo msichana asiyekuwemo katika karatasi yangu.

Kwanza tunawasikia.
Kruu, kruu, juu kabisa, sauti ya kitu kinachoviringika,
halafu jua linachungulia mlimani na wanashuka:
keremkerem, shingo za manjano, vifua vya samawati,
wanajipanga kwenye waya mmoja mmoja
mpaka waya unalegea.
Naanza maneno yangu ya kila mwaka:
huyu ni mpita njia, hana kwao hapa,
wiki mbili tatu, kisha

"Hao wezi," anasema msichana.
Kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwuliza.
"Wanatumalizia nyuki."

Kiswahili changu mimi ni cha jikoni kwa bibi,
kina samli na iliki,
hakijawahi kuvaa viatu kikaenda kazini.
Nikakivalisha hivyo hivyo.
Wa wapi wewe?
"Sikonge. Baba ana mizinga mia na kumi kwenye miombo.
Novemba wakishuka hawa, watoto wote tunapewa mabati
tupige kelele mpaka masikio yazibe.
Wakiondoka, Baba anachinja kuku."
Akainua uso kwenye waya.
"Kumbe huwa wanakuja huku,"
akasema, kama aliyemkuta mdaiwa wake
kwenye mji wa watu, kanenepa, kapendeza.

Nikaivua darubini yangu shingoni, nikampa.
Ndege mmoja alikuwa na nyigu mdomoni,
anampigapiga kwenye waya, kulia, kushoto,
anamsugua mpaka mwiba utoke.
"Ndivyo," akasema. "Ndivyo hasa. Mshenzi."
Na sikuwahi kusikia tusi
lililojaa mapenzi kiasi kile.

Kiti kikawa kimesimama juani.
Nikamwona Bi Ghuweida anavuta ushungi, nikaogopa,
lakini alisema, naye kwa Kiswahili, cha Wete kabisa:
"Mwache atazame. Mimi n'na miguu ya kukimbilia wapi?"

Yule wa mia tatu na tisini na tisa
alipita nyuma ya migongo yetu, kwenye matete.
Shamis dereva alimwona, akiwa anakula sambusa.
"Kijindege cha kahawia," alieleza baadaye,
"kilikuwa hapa, kikaenda pale."
Bwana Eberhard aliketi juu ya jiwe
akayatazama matete mpaka saa tatu.

Usiku, mezani, nalifungua daftari.
Kwenye safu ya maelezo siku zote naandika: mpita njia.
Nimeandika. Nimekata.
Keremkerem, arobaini na mmoja, wa Sikonge,
wanaelekea kaskazini, wameshiba nyuki wa watu.
Aliyewatambua:
hapo kalamu ikasimama, ikabidi nimpigie simu Bi Ghuweida,
saa nne ya usiku, niulize jina.
Nyamizi, akasema. Amelala. Kuna nini?
Hakuna kitu, nikasema. Ni hesabu tu.